Umeme wa karavani nyumbani Lubumbashi: ardhi kwanza, priza baadaye

Karavani ikishavuka mpaka wa Kasumbalesa na kuingia kwenye parseli (kiwanja cha nyumba), mtu wa kwanza kutafutwa ni mwenye ralonji, kamba ya kurefushia umeme. Inachomekwa kwenye priza ya sebuleni, inapitishwa dirishani, inavuka uwanja chini ya mwembe, na jioni taa zinawaka. Ukimuuliza fundi kuhusu waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme uliopotea udongoni, anajibu: "Papa, kuran iko, unatafuta nini tena?" Na kweli kuran, yaani umeme, iko. Lakini taa ikiwaka inathibitisha nyaya mbili tu, fazi inayoleta umeme na nyutro inayourudisha, na unaookoa maisha ni ule wa tatu, wa ardhi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeegesha karavani au gari la kulala nyumbani, iwe chumba cha wageni, ofisi ya muda ya kampuni, au anaitunza tu kati ya safari moja na nyingine, naye anataka kuipa umeme wake wenyewe kutoka kwenye tablo (sanduku la swichi kuu) ya nyumba. Kufunga priza ni kazi ya saa moja. Ardhi inakula siku nzima, na ndiyo maana wengi huiruka.

Kwa nini karavani inahitaji uangalifu kuliko chumba cha nje cha matofali? Ukuta wa matofali ukiguswa na waya mbovu, mara nyingi mtu hata hajui. Karavani ni bati na alumini juu ya matairi ya mpira. Waya wa fazi ukichubuka nyuma ya jiko ukagusa bodi, hakuna kinachoonekana: taa zinaendelea kuwaka, friji inaendelea kuvuma, na bodi nzima sasa ina volti 220, kwa kuwa mpira hauuachi umeme ushuke chini. Anakuja mtoto ametoka kuoga, miguu mitupu kwenye udongo mwekundu uliolowa, anashika komeo la mlango. Hapo yeye ndiye anakuwa waya wa ardhi.

Kazi zigawanywe mapema. Kuchimba, kununua, kulaza bomba na kusimamisha nguzo ya priza unaweza kufanya mwenyewe na vijana wa nyumbani. Kufungua tablo, kuunga nyaya za mwisho na kupima ni kazi ya fundi umeme mwenye vifaa vya kupimia, si tesita ya bisibisi peke yake. Na chochote kilicho kabla ya kompta (mita ya umeme), pamoja na lakiri zake, ni mali ya SNEL, shirika la umeme la taifa. Hapo hata fundi wako hana ruhusa ya kugusa.

Hatua ya 1: Lisome gari kabla ya kununua hata skrubu

Tafuta kibandiko karibu na mlango au pale kebo inapoingilia. Karavani iliyotengenezwa Afrika Kusini au Ulaya itaandikwa volti 220, 230 au 240, Hz 50. Hiyo inaelewana na umeme wetu moja kwa moja. Kiingilio chake mara nyingi ni kile cha buluu chenye pini tatu nene za mviringo, cha ampea 16. Kama bado kuna kichomekeo cha Afrika Kusini cha pini tatu kubwa, usianze kupachika adapta juu ya adapta ili kiingie kwenye priza yetu ya kifaransa. Mwambie fundi aondoe kichwa hicho aweke cha buluu, kazi iishe. Kila adapta ni mahali pengine pa kuchemka, na adapta nyingi za bei rahisi hazipitishi waya wa ardhi kabisa.

Gari lililotengenezwa Marekani ni habari nyingine. Lile la kichomekeo cha pini tatu cha ampea 30 linataka volti 120, Hz 60. Lile kubwa la pini nne, ampea 50, linapokea fazi mbili za volti 120 kila moja pamoja na nyutro katikati. Ukililisha lolote kati ya hayo volti 220 kwenye nyaya za 120, vitaungua chaja, maikrowevu, friji na televisheni kwa pamoja, tena kwa sekunde chache. Hata Marekani kwenyewe kosa hili linatokea, kwa sababu ile pini tatu ya ampea 30 inafanana na ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo ni ya volti 240. Dawa yake ni transfoma ya kutenganisha, 220 kwenda 120, ya kVA 5 kwa gari la ampea 30, na upande wake wa pili uwe na ardhi na diferansieli yake, kifaa kinachokata umeme ukianza kupotea njiani. Transfoma hiyo haibadilishi Hz, kwa hiyo kiyoyozi cha zamani na maikrowevu yenye transfoma ya chuma vitachemka zaidi kuliko vilivyozoea. Kama gari lako ni la aina hiyo, hatua zinazofuata kuhusu ardhi na mtaro zinakuhusu, ila tablo na priza vichorwe na fundi anayeijua kazi hiyo.

Hatua ya 2: Hesabu mzigo

Ampea 16 kwa volti 220 ni wati 3,520. Kiyoyozi cha karavani hula karibu wati 1,500 kikishaanza, birika la umeme 2,000, maikrowevu 1,200, hita ya maji 1,000 au zaidi. Friji na taa ni kidogo. Maana yake, kiyoyozi na birika kwa wakati mmoja ni kikomo. Wageni waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kisha tazama disjonkta kuu, swichi inayojikata mzigo ukizidi, karibu na kompta. Kama nyumba nzima imepewa ampea chache na ndani kuna pasi, friza na pampu ya kisima, karavani itakuwa inaizima nyumba kila jioni. Hilo halitibiwi kwa kubadilisha disjonkta kuu na kuweka kubwa zaidi; nyaya zilizo nyuma yake hazikunenepa. Ama upange matumizi, ama uombe kuongezewa nguvu.

Hatua ya 3: Njia ya kebo na unene wake

Pima kwa utepe wa kupimia, usikadirie kwa macho, kuanzia tablo hadi nguzo itakaposimama. Nguzo iwe upande ule ule karavani ilipo na kiingilio chake, ili kebo isipite mlangoni wala chini ya gari.

Hapa wengi hubana pesa. Kwa mita 30 na ampea 16, kebo ya mm² 2.5 inameza karibu volti 8.6 njiani. Ya mm² 6 inameza karibu 3.6. Tofauti hiyo ingekuwa mzaha kama tungekuwa tunapokea 220 kamili muda wote. Jioni watu wote wanapopika, umeme ukifika 195 kwenye kompta, hizo volti tano ndizo zinazoamua kama kompresa ya kiyoyozi itaanza au itanguruma mahali pake mpaka iungue. Umeme umetoka Inga, umesafiri kilomita 1,700 hadi Kolwezi, halafu unakuja kufia kwenye mita 30 za mwisho kwa sababu ya waya mwembamba.

Chini ya mita 15, mm² 2.5 inatosha. Kutoka 15 hadi 30 chukua mm² 4, au 6 kama mtaa wenu una volti za chini. Zaidi ya hapo mm² 6 bila kujadiliana. Daima nyaya tatu: fazi, nyutro ya buluu, na ardhi ya kijani na njano. Disjonkta inabaki ya ampea 16 hata kebo iwe nene kiasi gani, kwa kuwa priza na kamba ya karavani (waya wake wa kuchomekea) ni za ampea 16.

Hatua ya 4: Kununua bila kuibiwa

Inachekesha kwamba katika mji uliojengwa juu ya mukuba, yaani shaba, bado tunauziwa kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu. Usinunue kwa kusoma maandishi ya ganda peke yake. Omba ukate sentimita chache, uchubue, kisha ukwangue waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ile ya kupakwa inakuwa nyeupe baada ya mikwaruzo miwili. Roli yake pia ni nyepesi mno mkononi, kwa sababu shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule. Kama una kipimo cha kalipa, waya mgumu wa uzi mmoja wa mm² 2.5 una kipenyo cha karibu mm 1.8, na wa mm² 4 karibu mm 2.25. Kuna kebo zilizoandikwa 2.5 ambazo ukizipima hazifiki hata 1.5.

Orodha ya vitu: kebo ya kuzikwa yenye ganda nene jeusi (R2V), bomba jekundu la kupitishia kebo, disjonkta ya ampea 16 ya nguzo mbili, yaani inayokata fazi na nyutro pamoja, diferansieli ya miliampea 30, aina A, kwa sababu chaja za betri za karavani hutoa mkondo ambao aina AC inaweza isiuone, priza ya buluu ya nje yenye kifuniko, IP44 (isiyoingiza maji yanayorushwa) au zaidi, relei ya kulinda volti, kinga ya radi, pike (vijiti vya chuma vya kupigiliwa udongoni) mbili za ardhi za mita 2, waya wa ardhi, na kamba ya mpira ya karavani, 3 × mm² 2.5, isiyozidi mita 25. Domino (viungio vya plastiki) na skochi (utepe wa kufungia waya) viache dukani. Katika kazi hii hakuna kiungo kinachofichwa ardhini.

Hatua ya 5: Ardhi

Kuna hesabu moja inayoeleza kila kitu. Tuseme pike yako ina ukinzani wa omu 100, ambao kwa nyumba ya kawaida ni mzuri. Fazi ikigusa bodi ya karavani, mkondo unaokwenda ardhini ni 220 ugawe kwa 100, yaani ampea 2.2. Disjonkta ya ampea 16 itaziona hizo 2.2 na kuendelea kusinzia. Kwake ni kama pasi ndogo. Ardhi peke yake haikati umeme. Inayokata ni diferansieli, ambayo hulinganisha kinachotoka kwenye fazi na kinachorudi kwenye nyutro, na ikiona miliampea 30 zimepotea njiani hukata kabla moyo haujavurugika. Nayo diferansieli bila ardhi hungoja mpaka umeme upite kwenye mwili wa mtu ndipo ijue kuna hitilafu. Viwili hivyo havitenganishwi.

Sasa udongo wetu. Pike ya mita 2 kwenye udongo wa omu-mita 200 inatoa karibu omu 100. Udongo uleule ukikauka ukafika 600, pike ileile inatoa 300. Yaani pike iliyopimwa Februari, mvua zikiwa zimeshiba, si ile utakayokuwa nayo Septemba udongo ukiwa mgumu kama tofali. Kwa hiyo chagua mahali panapobaki na unyevu mwaka mzima: karibu na maji ya jikoni yanapomwagika, au chini ya bomba la kunawia. Usiipige pike katikati ya uwanja uliokanyagwa kwa sababu tu ni karibu na nguzo.

Piga ya kwanza mpaka kichwa kizame sentimita 20 chini ya usawa wa udongo. Piga ya pili umbali wa mita 4 kutoka ya kwanza. Zikisogeleana sana zinagombania udongo mmoja na hupati faida. Ziunganishe kwa waya mtupu wa shaba wa mm² 25 uliozikwa kwenye mtaro, maana waya huo nao ni ardhi. Kubanisha tumia klampu ya shaba yenye boliti, kaza, rudia kukaza. Juu yake jenga kijisanduku cha matofali chenye kifuniko cha zege: kwanza ili fundi aweze kukagua, pili ili wezi wa shaba wasiione. Waya wa shaba unaoonekana nje hapa mjini haumalizi mwezi.

Mafundi wengine watakushauri kumwaga chumvi. Inashusha ukinzani kweli, kwa msimu mmoja. Mvua zikija zinaichukua, na ulichobakiza ni pike iliyoanza kuliwa na kutu. Kama udongo wako ni mkaidi, changanya unga wa makala (makaa) na udongo wa mfinyanzi kuzunguka pike, au ongeza ya tatu. Bomba la maji halitumiki kama ardhi, kwani hujui ni wapi lilikatwa likaungwa kwa plastiki.

Na kuna kile kipimo cha ampuli (balbu): waya mmoja kwenye fazi, mwingine kwenye pike, ikiwaka "ardhi ni nzuri". Achana nacho. Ampuli ya wati 100 kwenye pike ya omu 500 itawaka nyekundu, lakini wakati huohuo inaisukuma pike, na kila bati lililofungwa nayo, mpaka zaidi ya volti 100. Mtu aliyeegemea karavani wakati huo hajaulizwa kama anataka kushiriki jaribio. Fundi atumie mita ya ardhi yenye vijiti viwili vya kusaidia. Lenga chini ya omu 100 wakati wa kiangazi. Ukipata 50 au chini, hongera.

Hatua ya 6: Mtaro

Sentimita 60 kwenda chini, na mita 1 pale magari yanapopita. Mchanga chini, bomba jekundu na kebo ndani yake, mchanga tena, kisha udongo. Sentimita 20 juu ya bomba tandaza wavu mwekundu wa tahadhari. Ni wa yule kijana atakayekuja na jembe miaka mitano baadaye kupanda sombe (kisamvu). Acha umbali na bomba la maji. Piga picha ya mtaro ukiwa wazi kabla ya kufukia.

Kama huwezi kuchimba, kebo ya juu ipite mita 6 kwenda juu pale lori linaweza kuingia. Kebo inayoning'inia usawa wa kichwa juu ya kamba ya kuanikia nguo haikubaliki hata kwa wiki moja.

Hatua ya 7: Tablo

Fundi anazima disjonkta kuu, anathibitisha kwa mita kwamba umeme umekatika, na anaweka mtu au karatasi pale ili asitokee shemeji wa kuuwasha. Laini ya karavani inaanzia kwenye tablo peke yake, haichomoi umeme kwenye priza ya sebuleni. Mfuatano wake: kinga ya radi na relei ya volti, kisha diferansieli ya miliampea 30, kisha disjonkta ya ampea 16. Diferansieli ikae hapa mwanzoni, si kwenye nguzo, ili hata jembe likikata kebo iliyozikwa, umeme ukatike.

Relei ya volti wengi huiona anasa. Nyutro ya mtaa ikikatika kwenye nguzo ya barabarani, nyumba zilizo kwenye fazi tofauti zinaanza kugawana volti 380 kwa jinsi mizigo yao ilivyo, na wewe mwenye taa mbili tu unaweza kupata 300. Relei ikate chini ya 185 na juu ya 250, na ingoje dakika tatu au zaidi kabla ya kurudisha, ili kompresa ya friji ipumue.

Nyutro na ardhi zisifungwe pamoja popote baada ya diferansieli. Kuna mafundi wanaotia kipande cha waya kati ya nyutro na pini ya ardhi ndani ya priza ili mita ionyeshe kwamba "ardhi iko". Siku nyutro itakapokatika, kipande hicho kinapeleka volti 220 kwenye bodi ya karavani moja kwa moja, bila hitilafu nyingine yoyote. Fungua priza uangalie kwa macho yako.

Hatua ya 8: Nguzo na priza

Nguzo ya chuma au zege, imesimikwa imara, priza ikiwa kati ya sentimita 50 na mita 1.5 kutoka chini. Mdomo wa priza uelekee chini, kifuniko kijifunge chenyewe, kebo iingie kutoka chini kupitia kizibo cha mpira. Mchwa na mijusi hupenda boksi zenye joto. Ziba kila tundu isipokuwa lile dogo la chini la kutolea maji. Nguzo ikiwa ya chuma, nayo ifungwe kwenye ardhi. Weka jiwe kubwa au bomba la zege mbele yake, kwa kuwa dereva anayerudi nyuma usiku haoni nguzo.

Nyuma ya priza kuna herufi: L kwa fazi, N kwa nyutro, na alama ya ardhi. Zifuate. Fazi na nyutro zikibadilishana, taa zitawaka vilevile, lakini swichi za ndani ya karavani zitakuwa zinakata waya usio sahihi, na soketi ya taa "iliyozimwa" itakuwa bado hai.

Hatua ya 9: Vipimo kabla gari halijaguswa

Umeme ukiwa umezimwa: kutoka pini ya ardhi ya priza hadi pike, chini ya omu 1. Kati ya nyaya na ardhi kwa mita ya kupimia insulesheni ya volti 500, angalau megaomu 1. Kebo mpya hutoa zaidi ya hapo kwa mbali.

Kisha washa. Fazi kwa nyutro: volti za siku hiyo. Fazi kwa ardhi: karibu zilezile. Nyutro kwa ardhi: volti chache au sifuri. Ukipata nyaya zote mbili zina umeme mkubwa kwa ardhi, zima na usiendelee mpaka fundi ajue sababu. Mita ikionyesha namba ya katikati isiyotulia, kama 90 au 110, kati ya fazi na ardhi, mara nyingi waya wa ardhi umekatika mahali na mita inasoma mzimu.

Bonyeza kitufe cha T kwenye diferansieli: lazima ikate. Ila kitufe hicho kinajaribu kifaa chenyewe tu. Kitafanya kazi vizuri hata kama pike imechimbuliwa na kuuzwa jana. Ndiyo maana fundi apime pia kwa kifaa kinachotuma miliampea 30 kwenda ardhini kupitia priza na kuona muda wa kukata: usizidi milisekunde 300.

Upande wa karavani, pima kutoka pini ya ardhi ya kiingilio hadi chasisi, fremu ya mlango, sinki na bomba la gesi. Kila kimoja chini ya omu 1. Karavani kuukuu mara nyingi huanguka mtihani huu: waya wa ardhi upo, lakini boliti yake kwenye chasisi imeoza kwa kutu. Isugue, weka boliti mpya na washa (pete) ya meno.

Hatua ya 10: Kuchomeka

Zima disjonkta. Kunjua kamba yote, hata kama karavani iko mita tano tu: kamba iliyobaki kwenye roli, ikibeba kilowati tatu, inachemka na kuyeyuka kuanzia katikati, pale usipoona. Chomeka upande wa gari kwanza, halafu nguzo, halafu washa. Kuchomoa ni kinyume chake. Baada ya saa moja ya kiyoyozi, shika vichwa vyote viwili vya kamba. Vuguvugu si neno. Vikiunguza vidole, kuna pini iliyolegea, na inatengenezwa leo.

Delestaji (mgao wa umeme) na jenereta

Hili ndilo linaloua mafundi wa laini. Umeme ukikatika, mtu anawasha jenereta na kuichomeka kwenye priza ya nguzo kwa kamba yenye vichwa viwili vya kiume. Umeme wake unarudi kwenye tablo, unatoka hadi transfoma ya mtaa, nayo inaupandisha kuwa maelfu ya volti kwenye waya ambao mtu wa SNEL anaamini umekufa. Kamba ya aina hiyo ikatwe vipande. Weka swichi ya kugeuza yenye nafasi tatu, I-0-II, isiyoweza kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja, au chomeka karavani kwenye jenereta moja kwa moja, nguzo ikiwa haina kitu.

Jenereta ndogo nyingi zina nyutro isiyofungwa na ardhi yoyote. Hapo diferansieli haina njia ya kuona umeme uliopotea. Fundi afunge nyutro ya jenereta na ardhi kwenye jenereta yenyewe, kabla ya diferansieli, na bodi yake iende kwenye pike. Jenereta ikae mbali na madirisha ya karavani, upepo ukipeleka moshi kwingine. Na mbabula (jiko la makala) isiingie ndani ya karavani hata usiku wa baridi ya Julai: chumba ni kidogo, kimezibwa, na gesi ya makala haina harufu.

Matunzo

Kitufe cha T mara moja kwa mwezi. Mvua ya radi ikianza kunguruma kuanzia Novemba, zima na uchomoe kamba pande zote mbili, kwa sababu kinga ya radi inapunguza pigo tu. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua ya kwanza, fundi arudi na mita ya ardhi, afungue kijisanduku cha zege, akaze klampu na aandike namba kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa tablo, pamoja na tarehe. Namba ikipita 100, piga pike ya tatu kabla karavani haijachomekwa tena.